Kuteka Maji na Kuteka Nchi

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, wasichana wa Kasongo hushuka kisimani na ndoo zao. Mmoja huinama, huzamisha kibuyu, hukiinua kimejaa, humimina. Hateti na mtu. Kisima hakisemi neno, na maji mengine huja kujaza pale pale. Akirudi nyumbani mama yake humwuliza: "Umeteka maji?" Naye hujibu: "Nimeteka, mama."

Siku moja mwalimu wa darasa la 6 aliwaambia wanafunzi waandike sentensi moja moja juu ya mambo ya kale ya mji wao. Mwanafunzi wa kwanza aliandika: "Tippu Tip aliteka Kasongo." Wa pili aliandika: "Wabelgiji walikamata Kasongo." Wa tatu, ambaye hupenda kukaa karibu na wazee, aliandika: "Bula Matari alitwaa nchi yetu." Wa nne hakuwa na moyo wa kuandika siku ile. Aliandika maneno mawili tu: "Kasongo ilitekwa."

Mwalimu akaziandika zote nne ubaoni. Akarudi nyuma hatua mbili, akazitazama.

"Je, watoto, hapa pana jambo moja au mambo manne?"

"Jambo moja, mwalimu," wakajibu wengi. "Nchi ilichukuliwa."

"Na msichana ateke maji kisimani, yeye naye amechukua?"

Watoto wakacheka. Lakini msichana mmoja hakucheka. Akasema: "Mwalimu, mimi nikiteka maji, hakuna aliyenyang'anywa."

Jibu lilikuwa zuri, na somo la siku ile lilitoka humo.

Kwa Kiswahili, kuteka ni kuchota maji. Tena kuteka ni kushinda mahali kwa vita, na kupashika pamoja na watu na mali. Watu waliokamatwa vitani huitwa mateka. Mali iliyochukuliwa huitwa nyara. Kwa hiyo kuteka kwa namna ya pili kuna silaha ndani yake. Mahali palipotekwa pana waliopigana, pana waliokimbia, pana waliofungwa kamba. Kama hakuna aliyepigana wala aliyetishwa kwa silaha, basi tutafute neno jingine.

Katika Kiswahili cha huku Maniema, ambacho wengi hukiita Kingwana, liko neno moja linalofanya kazi nyingi kupita yote, nalo ni kukamata. Mtu hukamata kikombe, hukamata njia, hukamata mshahara, hukamata mwizi, na homa humkamata yeye. Ni neno jema la kazi ya kila siku, kama kisu cha jikoni. Mama hukatia nyama, hukatia sombe, hukatia kamba. Lakini seremala hawezi kupasulia ubao kwa kisu kile. Ukisema "walikamata nchi", anayekusikiliza anajua kwamba jana nchi ilikuwa ya huyu, na leo ni ya yule. Hajui ilikuwaje. Walipigana? Waliinunua? Waliiomba? Walidanganya?

Yako maneno mengine. Kutwaa ni kuchukua kwa nguvu ya cheo au ya mkono, mtu akajifanya mwenyewe. Kunyang'anya ni kuchukua kwa nguvu mali ya mwingine naye yupo, anaona, anapiga kelele. Kunyakua ni kuchukua kwa ghafula, kama mwewe anyakuavyo kifaranga. Kuku mama akigeuka, mwewe yuko juu ya miti. Na kumega ni kuondoa kipande kidogo katika kitu kikubwa, kama mtu anayemega bugali. Tonge moja halionekani. Matonge 10 yanaonekana.

Mwalimu aliposema "kumega", yule mvulana wa nne aliinua kichwa.

Nyanya yake, yaani mama wa baba yake, ana shamba la mihogo karibu na njia ya kwenda Kabambare. Ni mjane. Kila mwaka, mvua za kwanza zikianza, jirani yake hulima shamba lake, na jembe lake hupita mpaka kwa hatua moja. Mwaka wa kwanza nyanya alinyamaza. Mwaka wa pili alisema, naye jirani akacheka: "Mama, nimepalilia tu ukingo, nyoka wasije." Mwaka wa tatu jirani alipanda mchele pale palipokuwa na mihogo ya nyanya. Sasa kapita wa kijiji aliwaita wote wawili siku ya Jumamosi. Baba wa mvulana yuko mbali, kazini Kindu. Nyanya alimwambia mjukuu wake: "Bwana wangu mdogo, wewe umesoma. Utakwenda nami, utasema." Mvulana hakujua aseme nini. Ndiyo maana siku ile hakuwa na moyo wa kuandika.

Tumwache kwanza, turudi kwenye ubao.

Sentensi ya kwanza yasema: Tippu Tip aliteka Kasongo. Jina lake hasa lilikuwa Hamed bin Muhammad el Murjebi. Alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Alikuwa mfanya biashara wa pembe za ndovu na wa watumwa, na bunduki zake zilijulikana kutoka Tanganyika mpaka Lomami. Kuteka alikujua sana. Mwaka 1867 alipigana na Nsama, mkubwa wa Itahwa katika nchi ya Watabwa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Nsama alikuwa mtu wa kuogopwa, hata hivyo alishindwa, na Tippu Tip akachukua pembe nyingi sana. Huko neno kuteka linakaa mahali pake.

Lakini tazameni mambo aliyoyafanya baadaye, katika nchi ya Watetela, magharibi ya Lualaba. Huko palikuwa na mkubwa mzee, jina lake Kasongo Rushie. (Msimchanganye na mji wetu. Kasongo ni jina la wakubwa wengi wa nchi hizi.) Njiani Tippu Tip alisikia habari ya kale: dada za mkubwa huyo walitekwa vitani wakiwa vijana, wakapelekwa mbali, wasirudi tena. Akaitunza habari ile kama mtu atunzavyo ufunguo. Alipofika karibu na nchi ya mzee, akadai kwamba nyanya yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale mateka, basi yeye ni mjukuu, amerudi kwa ndugu zake. Mzee alifurahi, akamwamini, akamwachia utawala. Habari hii aliisimulia Tippu Tip mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili, na wenye kuchunguza mambo ya kale wengi huiona kuwa hila.

Hapo basi tuandike neno gani? Siku ile ya kupokea utawala hakuteka. Bunduki haikulia kati yake na mzee. Yeye mwenyewe angesema: nilirithi. Kurithi ni kupokea mali ya ndugu aliyekufa au aliyezeeka. Ni neno la nyumbani, neno la baba na mtoto, halina damu. Akilitumia mtu asiye ndugu, nchi nzima inachukuliwa na hakuna anayepiga ngoma ya vita. Mzee alimpa, ndiyo. Lakini alimpa mjukuu, wala hakumpa mfanya biashara wa Unguja.

Na Kasongo yetu? Tippu Tip hakuwa wa kwanza. Waarabu na Waungwana kutoka pwani walikuwa wamekwisha kufika Lualaba. Livingstone aliwakuta Nyangwe mwaka 1871, na katika mwezi wa Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wao wakiwapiga risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, wengi wakafa mtoni. Tippu Tip alifika Nyangwe mwaka 1874, kisha akakaa Kasongo, na wenziwe waliokuwako wakamkubali kuwa mkubwa wao. Walijenga nyumba kubwa, wakapanda mpunga, miwa na matunda. Kiswahili kina neno kwa mgeni afikaye na kukaa moja kwa moja hata akasahau kurudi: amelowea. Neno hilo halina kosa. Wageni wengi wamelowea mahali bila kumwumiza mtu. Lakini hawa walilowea na bunduki, na wenyeji, Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na wengine, waliwatolea pembe, chakula na watoto wao. Basi walilowea, kisha wakatawala. Aliyeandika "Tippu Tip aliteka Kasongo" hakusema uongo mkubwa, ila alikata ubao kwa kisu cha jikoni.

Sasa sentensi ya tatu, kabla ya ile ya pili. Bula Matari alitwaa nchi yetu. Bula Matari maana yake mvunja mawe. Lilikuwa kwanza jina la Stanley, aliyepasua njia katika mawe ya Kongo ya chini. Baadaye watu wakaita hivyo serikali nzima, na kila mzungu aliyekuja kwa kazi yake. Stanley na wenziwe walipita kwa wakubwa wengi wa mto Kongo kati ya mwaka 1879 na 1884, wakiwa na karatasi. Mkubwa aliambiwa atie alama, naye akapewa nguo na vitu vingine. Wengi walidhani wanafanya urafiki, au wanamruhusu mgeni kujenga. Karatasi ilisema jambo jingine: kwamba wameiachilia nchi. Tena toka Novemba 1884 mpaka Februari 1885 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin, wakasemezana juu ya Afrika. Mezani hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Katika siku zile Leopold wa 2, mfalme wa Ubelgiji, alikubaliwa kuwa mwenyewe wa Kongo. Nchi iliitwa Dola Huru ya Kongo. Huru! Mwalimu alipoandika neno hilo ubaoni, alilipigia mstari chini, hakusema kitu.

Hapo Kasongo ilikuwa na wenyewe wangapi? Huku walitawala watu wa Tippu Tip. Huko Ulaya, katika ramani, nchi ilikwisha kuandikwa kwa jina la Leopold. Leopold hakuwa na nguvu ya kutosha kufika Lualaba. Basi mwezi wa Februari 1887, Unguja, Stanley alifanya mapatano na Tippu Tip: atakuwa wali wa Stanley Falls, ambapo leo ni Kisangani, atatweka bendera ya Dola, ya buluu yenye nyota moja ya manjano, naye atapewa pauni 30 kila mwezi.

Tulitazame neno wali. Si chakula, watoto. Wali ni mtu anayetawala mahali kwa niaba ya mwenyewe. Hapo ndipo penye jambo. Jana yake Tippu Tip alikuwa mkubwa wa nchi kwa bunduki zake, asiye na bwana huku bara. Alipokubali kuitwa wali na kupokea mshahara, alikubali kwamba nchi ina mwenyewe mwingine, na mwenyewe yuko Ulaya. Hakuna mji uliochomwa siku ile. Ni neno moja na pauni 30. Huenda aliona mbele kwamba hawezi kushindana na wazungu, akachagua lililo nafuu. Alikuwa mtu mwenye akili nyingi. Mwaka 1890 alirudi pwani, hakuja tena.

Mwanawe Sefu alibaki Kasongo. Ugomvi wa pembe na wa biashara ukazidi, na mwaka 1892 vita vikaanza. Ngongo Lutete, aliyekuwa zamani mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dola pamoja na askari wake wengi. Mkubwa wa jeshi la Dola alikuwa Dhanis. Nyangwe ilianguka tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka uleule. Mwanzoni mwa mwaka 1894 Rumaliza, aliyetoka Ujiji kusaidia, alishindwa naye, na Kabambare ikaingia mikononi mwa Dola. Hapa hatuna shaka juu ya neno. Kasongo ilitekwa. Daktari Hinde, Mwingereza aliyefuatana na jeshi lile, alieleza nyara walizozikuta mjini: vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri, mishumaa, sukari. Watu waliokuwa wakila vizuri jana wakakimbia porini. Mji wenyewe ukaachwa baadaye, Kasongo nyingine ikajengwa mbali kidogo, na mahali pa zamani paitwa Tongoni. Tongo ni mahali palipohamwa. Mwenye kupita huko leo anapita juu ya jina linaloeleza yote.

Sefu alikufa mwaka uleule wa 1893. Na Ngongo Lutete, aliyeisaidia Dola kushinda? Mwezi wa Septemba 1893 maofisa wa Dola walimshtaki kwa hiana, wakampiga risasi.

Sasa turudi kwenye sentensi ya pili: "Wabelgiji walikamata Kasongo." Mwandishi alipoteza alama hapo, na alikasirika. Lakini tuhesabu. Maofisa wengi walikuwa Wabelgiji, ni kweli. Askari walikuwa Waafrika, wengi wao watu wa Kongo hii hii. Na Dola haikuwa mali ya Ubelgiji. Ilikuwa ya Leopold peke yake. Ubelgiji yenyewe iliichukua Kongo miaka 15 baada ya vita vya Kasongo, na haikuichukua kwa vita.

Ilikuwa hivi. Katika Dola ya Leopold watu walilazimishwa kuleta mpira na pembe. Waliokosa walipigwa, walifungwa, wengine waliuawa. Habari zilifika Ulaya na Marekani, kelele zikawa nyingi. Mwishowe Leopold aliachilia nchi kwa mkataba wa mwezi wa Novemba 1907, Bunge la Ubelgiji likapiga kura, sheria ikatiwa sahihi tarehe 18 Oktoba 1908, na tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikawa koloni ya Ubelgiji. Siku ile, huku Kasongo, watu waliamka, wakateka maji, wakaenda shambani. Hakuna aliyewauliza. Wengi hawakuambiwa hata baadaye.

Jambo hili ndilo ambalo Kifaransa hukiita annexion. Neno limetoka katika Kilatini, annectere, yaani kufunga kitu kwenye kitu. Fikirini mvuvi wa Nyangwe anayeufunga mtumbwi mdogo nyuma ya mtumbwi wake mkubwa. Mdogo bado unaelea, bado ni mtumbwi. Lakini uendako hauchagui tena. Kwa Kiswahili twaweza kusema kuunga nchi na nchi nyingine, au kuambatisha. Na kwa kuwa nchi haijifungi yenyewe, tuseme wazi: kuitwaa nchi na kuiunga na ya mtwaaji.

Lakini katika vitabu vya Wabelgiji vya miaka ile mtakuta neno jingine mara nyingi zaidi: reprise, yaani kuchukua tena. Mtu akinunua duka la mwenziwe pamoja na vitu na madeni yake, nayo huitwa reprise. Basi nchi yenye mito, makaburi na watu ikasemwa kama duka. Na "tena" hii imetoka wapi? Mtu huchukua tena kitu alichokuwa nacho. Ubelgiji haikuwa nayo.

Nchi za jirani zina maneno yao. Unguja mwaka 1890 iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na Uganda mwaka 1894. Himaya maana yake ulinzi. Aliyelindwa hakuruhusiwa kumfukuza mlinzi. Kenya nayo ilikuwa himaya tangu mwaka 1895, na mwaka 1920 ikageuzwa koloni, isipokuwa ukanda wa pwani uliokuwa mali ya Sultani wa Unguja. Huko waliacha neno himaya.

Haifai kuchanganya kuteka na kuunga. Mwezi wa Septemba 1916, katika vita vikuu vya kwanza, jeshi la Kongo liliteka Tabora kutoka kwa Wajerumani. Askari wake walikuwa Wakongo chini ya maofisa wa Kibelgiji, na wapagazi wa Kongo waliobeba mizigo yao walikuwa wengi sana. Tabora ilitekwa, tena kwa shida kubwa. Lakini haikuungwa na Kongo. Baada ya vita ilikwenda kwa Waingereza pamoja na Tanganyika. Ruanda na Urundi zilitekwa vilevile mwaka 1916, kisha Ubelgiji ikakabidhiwa kuzitawala na Shirika la Mataifa. Kukabidhiwa ni kuwekewa kitu cha mtu mkononi, ukitunze. Mwenye kukabidhiwa anaweza kuulizwa.

Karibu nasi zaidi: Kindu ilitekwa na waasi wa Simba mwaka 1964, na mwaka uleule jeshi la serikali likaishika tena. Mwezi wa Oktoba 1998 Kindu ilitekwa na waasi wa RCD. Mara zote mbili watu walikufa, lakini mpaka wa Kongo haukusogea hata hatua moja katika ramani. Na mwezi wa Januari 2025 Goma ilipoingia mikononi mwa M23, kisha Bukavu mwezi wa Februari, wenye redio katika nyumba zao walisikia maneno mawili. Serikali ilisema: mji umetekwa. M23 walisema: mji umekombolewa. Kukomboa ni kumtoa mtu katika kifungo. Mji ni uleule, siku ni ileile. Mtoto akisikia maneno mawili namna hiyo, asishike moja kwa haraka. Aulize kwanza: ni nani alikimbia, na alikimbia upande gani? Ni nani sasa anasimama njiani na bunduki, na ni nani anayemlipa kodi?

Imebaki sentensi ya nne: "Kasongo ilitekwa." Kwa sarufi haina kosa, na mwalimu aliipa alama zote za maandishi. Kisha akaweka kidole chini ya herufi moja, ile w.

"Teka, tekwa," akasema. "Herufi hii moja imefanya nini?"

Watoto wakafikiri. Wa tatu akajibu: "Mwalimu, imemfukuza mtu."

"Mtu gani?"

"Yule aliyeteka. Haonekani tena."

Ndivyo ilivyo. Ukisema "Dhanis aliteka Kasongo", mtendaji yuko mbele, anaonekana na kofia yake. Ukisema "Kasongo ilitekwa", Kasongo iko pale inalia, na mtendaji ameingia nyuma ya nyumba. Unaweza kumrudisha kwa neno dogo na: "Kasongo ilitekwa na jeshi la Dola." Usipomrudisha, atakaa nyuma ya nyumba siku zote. Yapo maneno mabaya zaidi kuliko haya. Watu husema "nchi ilipotea", "shamba limepungua". Hapo hata herufi w haipo. Kama kwamba shamba lilisikia njaa, likakonda lenyewe.

Basi yule mvulana akaomba ruhusa kufuta sentensi yake, naye mwalimu akamkatalia. "Iache. Andika nyingine chini yake." Hakuandika juu ya Kasongo. Aliandika juu ya shamba, akaifunika karatasi kwa mkono, akaiweka mfukoni.

Jumamosi walikwenda kwa kapita, yeye na nyanya. Watu walikuwa wengi chini ya mwembe. Nyanya alisimama akasema: "Shamba langu limepungua, baba." Jirani alisimama akasema: "Mimi nimepalilia ukingo tu. Shamba la mjane likikosa mikono, hupungua." Watu wengine wakatikisa kichwa kumkubali, maana ni kweli, shamba lisilolimwa huingiwa na pori.

Kapita akamgeukia mvulana. "Nawe, mwana, una neno?"

Mvulana akasimama. Mikono ilimtetemeka kidogo, lakini sauti ilitoka. "Shikamoo, baba kapita. Shamba halikupungua. Huyu baba amelimega. Mwaka wa kwanza alimega hatua moja, mwaka wa pili hatua moja, na mwaka huu amepanda mchele mahali pa mihogo ya nyanya. Mpaka ulikuwa kisiki cha mchikichi. Kisiki kipo. Kiko katikati ya mchele wake."

Watu wakanyamaza. Kapita akamtazama jirani. "Ni nani aliyelima pale penye kisiki?"

"Palilimwa, kapita, mvua zilipoanza..."

"Najua palilimwa. Ni nani alilima?"

Jirani akatazama chini. Kapita akaondoka kitini, akachukua fimbo yake, akawaambia wote wamfuate shambani, akakitazame kisiki kwa macho yake.

MASWALI

Kuna tofauti gani kati ya kuteka maji na kuteka mji? Tumia neno mateka katika sentensi yako.

Tippu Tip alipopata utawala kwa Kasongo Rushie, yeye angetumia neno gani? Wewe ungetumia lipi, na kwa nini?

Kwa nini si sawa kusema kwamba Ubelgiji iliteka Kasongo mwaka 1893?

Mrudishe mtendaji katika sentensi hizi: "Wakubwa walitiishwa alama katika karatasi." "Ngongo Lutete aliuawa." "Kongo ilifanywa koloni mwaka 1908."

Waulize wazee wa kwenu: shamba la jamaa yenu lilipatikana namna gani? Andika neno walilolitumia wao, kama walivyolisema.